Ubao wa kuchorea unaotoa sauti: mkwaruzo mwembamba, mvumo, na shairi linalomezwa

Waraka_na_Mkaa:
Habari zenu wadau. Naandaa onyesho la dakika 20 kwenye ukumbi mdogo hapa Nairobi, watu kama 60. Nachora kwa mkaa mbele ya hadhira, kisahani cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) cha milimita 27 kilichobandikwa nyuma ya ubao kinanasa mkwaruzo, na juu yake naghani shairi la tarbia. Kisahani kinaingia kwenye tundu la maiki la miksa. Mkwaruzo unatoka mwembamba kama bati, kuna mvumo usiokoma, na nikiurudia mkwaruzo kwa pedali ya lupu maneno hayasikiki. Nianzie wapi?

Fundi_Lehemu:
Anzia kwenye tundu. Piezo ya ukubwa huo ina uwezo wa kushika chaji wa nanofaradi 20 hivi, na tundu la maiki lina ukinzani wa kama kiloomu 2. Hapo kila sauti iliyo chini ya hezi 4,000 hivi inafifia, na kinachobaki ni hilo bati lako. Hamia tundu la gitaa, lenye megaomu 1: mpaka unashuka hadi hezi 8, chini ya uwezo wa sikio. Na zima volti 48, ule umeme ambao miksa hupeleka kwenye maiki.

Mvumo ni stima ya hezi 50. Ukienda Luthuli Avenue usichukue waya wa spika; itisha wa gitaa, wenye wavu wa shaba unaozunguka uzi wa kati. Lehemu uzi wa kati kwenye duara jeupe, wavu kwenye ukingo wa shaba ya manjano. Chuma cha kulehemu kisikae kwenye duara zaidi ya sekunde 2, la sivyo rangi ya fedha itabanduka na kisahani kimekufa. Zungushia tepu nyeusi, kisha foili inayogusa wavu, kisha tepu tena. Foili ikigusa duara, kimya kabisa.

Kubandika, tumia gundi kali au tepu nyembamba ya pande mbili. Ile nene ya sponji inaula mkwaruzo wenyewe, na mkwaruzo ndio uliokuleta.

Mwana_wa_Beti:
Hapo kwenye lupu mimi naona shida si mashine. Tarbia tayari ina kipimo chake: mishororo 4 kila ubeti, kila mmoja na ukwapi (nusu ya kwanza) wa mizani 8, yaani silabi 8, na utao (nusu ya pili) wa mizani 8. Acha mkono uifuate mizani. Kina cha kati kikifika, inua mkaa. Kina cha mwisho, inua tena. Hapo kina kinasikika peke yake, na kwenye karatasi panabaki pengo linaloonyesha kilipoangukia. Mtu aliye nyuma kabisa atauona mpangilio wa vina hata kama hajawahi kusoma arudhi, yaani kanuni za ushairi.

Usirudie kila kitu. Rekodi mkwaruzo wa kibwagizo tu, mwisho wa ubeti wa kwanza, uurudishe kila kibwagizo kinapofika. Pedali ikae kwenye njia ya ubao pekee, maiki ya mdomo ipite kwingine. Halafu kwenye njia ya ubao punguza hezi 3,000 hadi 8,000 kwa desibeli 4 au 5. Mkaa unasugua palepale zinapokaa s, sh na f, ndiyo maana kupandisha maiki hakusaidii.

Waraka_na_Mkaa:
Nimewapata, asanteni sana. Na ubao ukianza kupiga mluzi nikiongeza sauti?

Fundi_Lehemu:
Spika zinautikisa ubao, nao unairudisha sauti kwenye spika. Spika zikae mbele ya ubao upande wa hadhira, na monita (spika yako ya kujisikiliza) isiuelekee. Miguu ya stendi ikanyage sponji, kisha kata kila kilicho chini ya hezi 100. Vishindo vya nyayo zako vitaondoka pia. Mluzi ukibaki, tafuta hezi yake na uikate kwa upana mdogo. Karatasi ikazwe pembe zote nne, iliyolegea inapigapiga ubao. Na pedali iweke mbali na mkono unaochora: vumbi la mkaa likiingia kwenye vitufe vya kuzungusha, vinaanza kukwaruza vyenyewe.