Daktari akisisitiza dozi yenye shaka, je, mfamasia anaweza kukataa kuitoa?

Chipukizi: Ndugu wanataaluma, naomba mwongozo wenu. Nina mwaka mmoja tu tangu nisajiliwe. Juzi nililetewa cheti cha dawa ya methotreksati cha mgonjwa wa baridi yabisi, kimeandikwa miligramu 10 kila siku kwa siku 30, ilhali nijuavyo mimi ugonjwa huo hutibiwa kwa dozi ya mara moja kwa wiki. Nilimpigia daktari simu, akanijibu kwa ukali kwamba nitoe kama alivyoandika kwa kuwa mgonjwa ni wake. Sikutoa. Mwenye duka amekasirika kwa sababu mgonjwa aliondoka mikono mitupu. Je, nilikuwa na haki, au nimevuka mipaka yangu?

KinuNaMchi: Hukuvuka mpaka wowote. Cheti kinakuruhusu kutoa dawa; hakikuondolei wajibu wa kufikiri. Methotreksati ya wiki ikimezwa kila siku, uboho hushindwa kutengeneza chembe za damu na mdomo hujaa vidonda, na wapo waliokufa kwa kosa hilo hilo kabla hata mwezi haujaisha. Kuhusu mwenye duka, biashara ni yake lakini leseni ni yako, na baraza la wafamasia likikuita hutaenda naye.

Iko kesi ya Uingereza ambayo hukumu yake ilithibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1989. Daktari alimwandikia mgonjwa wa pumu Amoxil, ambayo ni antibiotiki, kwa mwandiko mbaya, mfamasia akasoma Daonil, ambayo ni dawa ya kushusha sukari, na mgonjwa huyo asiye na kisukari akapata madhara ya kudumu ya ubongo. Daktari alibebeshwa asilimia 25 ya lawama, mfamasia 75. Mahakama iliona kwamba dalili za kumshtua zilikuwapo: dozi haikuwa ya Daonil, tena mgonjwa alilipia dawa zake wakati wenye kisukari huko walikuwa hawalipi. Ikiwa aliyesoma vibaya alibeba robo tatu, aliyeliona kosa waziwazi kisha akatoa atajitetea kwa lipi?

Mizani: Nakubaliana na aliyetangulia, ila kukataa si sawa na kurekebisha. Ungefuta «kila siku» na kuandika «kila wiki» kwa mkono wako, ungekuwa umeandika dawa bila mamlaka, hata kama umepatia. Vilevile ziko saratani ambazo hutibiwa kwa methotreksati siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo ugonjwa ulioandikwa kwenye cheti ni wa kuthibitishwa, si wa kudhaniwa. Kwa daktari mkali, mimi huacha kuuliza kama amekosea, huuliza, «Mgonjwa aimeze siku gani ya wiki?» Wengi hugutuka wenyewe hapo hapo. Kisha andika kwenye rejista saa uliyopiga, uliyeongea naye na alilojibu, siku hiyo hiyo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hiyo «mikono mitupu». Je, cheti kilibaki kwako au aliondoka nacho?

Chipukizi: Aliondoka nacho. Nilimwambia tu kwamba dawa hiyo siwezi kumpa.

Mizani: Basi wajibu wako haujaisha, maana duka la pili linaweza kumpa vidonge vyote 30 bila kuuliza, na yeye atadhani wewe ndiye uliyekuwa mkaidi. Mgonjwa ana haki ya kujua sababu, na unaweza kuieleza bila kumvunjia daktari heshima: «Dawa hii kwa ugonjwa wako kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki, cheti kinasema kila siku, usiimeze mpaka jambo hili lithibitishwe.» Daktari akiendelea kushikilia msimamo wake, mpelekee suala hilo mkuu wake wa kazi kwa maandishi.

Chipukizi: Namba ya mgonjwa ninayo kwenye rejista. Nampigia sasa hivi.

KinuNaMchi: Akisema ameshaanza kuimeza, muulize amemeza siku ngapi na kama ana homa au vidonda mdomoni, kisha aende hospitali leo hii hata kama anajiona mzima. Asidi ya foliniki ndiyo inayotumika kumwokoa, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.