Maumivu ya bega na mgongo yasiyoisha baada ya kifafa: yapi ni ya kuvumilia na yapi ni ya kupeleka hospitali?

Fundi wa Ngamiani

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini, na ninaishi na kifafa tangu nikiwa shule ya msingi. Natumia fenobabitoni kila usiku, na kwa muda mrefu nilikuwa nikishikwa kwa nadra sana. Miezi ya karibuni hali imebadilika: kinanijia usingizini, mke wangu ndiye anayeshuhudia, nami huamka sikumbuki lolote, ila mwili mzima unauma, ulimi umeng'atwa na kichwa ni kizito.

Kuhusu kifafa chenyewe nahudhuria kliniki. Ninachotaka kuuliza ni maumivu yanayobaki nyuma. Zamani yalikuwa yakiisha baada ya siku chache, lakini safari hii mapaja na tumbo vimetulia, bega la kulia limegoma, na katikati ya mgongo pana mahali pamoja panapochoma kila ninapoinamia cherehani. Nilikwenda kituo kimoja cha afya, nikapigwa eksirei ya bega, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, nikapewa dawa za maumivu. Wiki kadhaa zimepita na sioni nafuu. Nyumbani wananishauri nichuliwe, na muuzaji wa duka la dawa amenipendekezea tramadoli. Je, maumivu ya namna hii ni ya kawaida kwa mgonjwa wa kifafa? Ni dawa gani ya maumivu isiyogombana na kifafa? Na kazi niifanyeje, ikiwa mkono wa kulia ndio unaoongoza kitambaa?

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Mwanangu Fundi, pole sana. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika mkoa huu, sehemu kubwa nikiwa wodi ya upasuaji na mifupa, na ningependa wagonjwa wengi zaidi waulize swali kama lako. Wengi hudhani kuumwa ni sehemu ya kifafa, hivyo hawakutaji kliniki. Na kliniki nayo, ambayo kwa kawaida iko chini ya kitengo cha afya ya akili, humuuliza mgonjwa ameshikwa mara ngapi na vidonge vimebaki vingapi, lakini ni nadra kumuuliza anaumwa wapi.

Kifafa cha mwili mzima kinapomshika mtu, misuli yote hukaza kwa pamoja, kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuifikia kwa hiari yake, kisha hukaza na kuachia mfululizo, mara nyingi kwa dakika moja mpaka tatu. Maumivu ya mwili mzima yanayofuata ni ya misuli iliyochoka na kuumia; huwa makali siku mbili za mwanzo, kisha hupungua, na kwa wengi huwa yamekwisha ndani ya wiki. Hayo hutulizwa kwa maji ya kutosha, mapumziko na parasetamoli. Hata hivyo, tazama mkojo. Ukitoka mweusimweusi kama chai ya rangi iliyokolea, au ukipungua sana, inawezekana misuli imeumia mno na mabaki yake yanazilemea figo, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu yako si ya aina hiyo. Yamekaa mahali pamoja, hayapungui, na yanazuia mwendo wa kiungo, na mambo hayo matatu yakikutana kwa mtu mwenye kifafa, lazima mfupa na kiungo vichunguzwe.

Nianze na bega. Misuli inayouvuta mkono kwa ndani ina nguvu kuliko ile inayouzungusha kwa nje. Yote ikikaza kwa pamoja, kichwa cha mfupa wa mkono huweza kusukumwa nyuma, kikatoka mahali pake, hata kama mgonjwa alikuwa amelala kitandani na hakuanguka popote. Mtu akianguka na baiskeli, kwa kawaida bega huteguka kwa mbele, na umbo lake hubadilika waziwazi hata jirani akaliona. Likiteguka kwa nyuma umbo halibadiliki sana, na eksirei iliyopigwa kwa mbele peke yake inaweza kufanana na ya bega zima, ndiyo maana tatizo hili hupitwa mara nyingi, hata na watu makini. Bega la namna hii likikaa wiki nyingi bila kurudishwa, kulirudisha kwa mikono huwa vigumu na mgonjwa huweza kuhitaji upasuaji.

Jipime hivi: keti, kunja viwiko, kisha nyoosha mikono mbele kama unayeomba dua, viganja vikitazama juu. Ikiwa mkono wa kulia unakataa kugeuka na kiganja kinabaki kimetazama ndani au chini, usingoje. Rudi hospitali uombe picha ya pili, ya pembeni au ya kupitia kwapani. Bega likionekana zima, bado kuna kuchanika kwa kano zinazolizunguka, na kuna kukakamaa kwa bega ambako huwapata baadhi ya watu waliotumia fenobabitoni kwa muda mrefu. Nalitaja hili la mwisho kwa sababu ni wachache wanaolifikiria, lakini ni la kuzingatia baada ya kuteguka na kuvunjika kuondolewa shakani.

Kuhusu mgongo, nguvu hiyohiyo ya misuli huweza kuzibana pingili za uti wa mgongo mpaka moja ikabonyea, na mahali panapopatwa zaidi ni katikati ya mgongo, kama unavyoeleza. Maumivu yake huongezeka mtu akisimama, akiinama au akikohoa, na kidole kikigonga juu ya pingili yenyewe mgonjwa hushtuka. Omba eksirei ya mgongo pia. Ukiona miguu inakufa ganzi au kulegea, au ukashindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Sasa dawa. Tramadoli usiiguse. Inajulikana wazi kwamba huweza kuchochea kifafa, hata kwa watu ambao hawajawahi kuwa nacho, na hutakiwi kuuziwa bila cheti cha daktari. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, nawe unayetumia fenobabitoni, ambayo huchochea kazi ya ini, ni vyema ubaki chini ya hapo. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kutumika kwa siku chache baada ya chakula, isipokuwa mkojo umebadilika rangi, au una matatizo ya figo au vidonda vya tumbo.

Mama wa Makorora

Kaka Fundi, nakupa pole. Nina kijana mwenye kifafa, sasa ni mtu mzima, na mengi aliyoeleza Muuguzi nimeyaona nyumbani kwangu. Kwa upande wa kuchua, sikubaliani na wanaokataza moja kwa moja. Mwanangu hupata nafuu kubwa akikandwa mapaja na mabega kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha akapakwa mafuta ya nazi taratibu.

Ulimi nao usiupuuze, kwa kuwa humfanya mtu ashindwe kula, na asiyekula huchelewa kupata nguvu. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara kadhaa kwa siku, anywe uji uliopoa, na pilipili na ndimu zisubiri. Mwambie mkeo asikubali mtu yeyote akutie kijiko mdomoni. Mwanangu aliwahi kuvunjwa jino kwa kijiko cha jirani mwenye nia njema, na maumivu ya jino lile yalidumu kuliko ya kifafa chenyewe. Akulaze ubavu, akuwekee kitu laini chini ya kichwa, atazame saa. Ikipita dakika tano hujaachiwa, atafute usafiri wa kwenda hospitali.

Kwa kuwa kinakujia usingizini, teremsha godoro sakafuni na ulisogeze mbali na ukuta na kona za kabati. Nawe ni fundi, basi ile pasi ya mkaa, kama unayo, apige mtu mwingine wakati wewe upo katika kipindi hiki. Wodini nimewaona watu walioangukia jiko au mkaa, na majeraha yale hayalingani na haya tunayozungumza.

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Mama, tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Kukanda misuli ya mapaja kwa maji ya uvuguvugu hakuna ubaya. Ninachokataza ni mtu kulivuta, kulinyonga au kulisukuma bega ambalo halijapigwa picha sahihi, na kumkanyaga au kumbinya mgonjwa mgongoni mahali penye maumivu. Mchuaji hodari huweza kuivunja kabisa pingili iliyokuwa imebonyea tu. Tahadhari pia na mafuta yenye kafuri nyingi au ya mkaratusi, kwa sababu vitu hivyo vinajulikana kuchochea kifafa, hasa vikinywewa au vikivutwa kwa wingi. Mafuta ya nazi yanatosha.

Fundi wa Ngamiani

Nawashukuru sana. Nimejipima kama ulivyoelekeza, mama yangu Muuguzi: mkono wa kushoto unageuka vizuri, wa kulia kiganja kinaishia njiani, na nikiulazimisha bega linauma kwa ndani. Mkojo ni wa kawaida. Je, nielekee Muhimbili moja kwa moja? Na hii fenobabitoni niisimamishe mpaka bega lijulikane?

Mkaa Raskazone

Ndugu Fundi, dawa usiisimamishe. Kuacha fenobabitoni ghafla ni miongoni mwa njia za haraka za kuleta kifafa kinachofuatana bila kukoma.

Mimi nilibonyea pingili mbili za mgongo kwa kifafa cha usiku, na sikufanyiwa upasuaji. Nilivalishwa mkanda wa mgongo kwa muda, nikafundishwa mazoezi na mtaalamu wa viungo, na maumivu yakaondoka polepole sana. Daktari alinieleza kwamba dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zikitumika kwa miaka huharakisha kuvunjwavunjwa kwa vitamini D mwilini, na mifupa hudhoofika pole pole bila mtu kujua. Nilidhani sisi wa pwani hatuwezi kupungukiwa na vitamini ya jua, lakini mtu anayeshinda ndani ya ofisi akishona, na kina mama wanaojifunika mwili mzima, hawapati jua la kutosha kama tunavyofikiri. Nilianzishiwa vidonge vya vitamini D na kalsiamu, nikaongeza maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao. Liulize hili kliniki.

Nililojifunza kwa machungu ni kwamba maumivu hunyima usingizi, na kukosa usingizi huita kifafa, nacho huleta maumivu mapya. Kwa hiyo kutuliza maumivu ya usiku si anasa. Mwezi wa Ramadhani mambo haya huzidi, kwa kuwa usingizi hukatwa na daku, na wanaotumia dawa za kumeza mara mbili au tatu kwa siku hubadilisha saa zake kiholela. Zungumza na kliniki kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu kazi, mimi nilirudi nusu siku kwanza, nikainua meza ili nisiiname. Kwa bega, sidhani ungeanza kushona kabla halijajulikana lina nini.

Muuguzi Mstaafu, Muheza

Fundi, kwa jibu la mkono wako sioni sababu ya kungoja hata wiki ijayo, wala ya kukimbilia Dar es Salaam. Anzia Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, nao wakiona haja ya upasuaji mkubwa watakupa rufaa. Mpaka ufike huko, utundike mkono kwa kanga shingoni na usiulazimishe. Ukifika, taja kifafa mwanzoni kabisa, kabla ya kutaja bega, maana daktari asiyejua kwamba ulishikwa hatakuwa na sababu ya kulifikiria bega lililotoka kwa nyuma. Chukua picha ya kwanza ya eksirei, kadi ya kliniki na vidonge vyenyewe.

Kisha urudi kliniki ya kifafa kwa suala la kwa nini hali imebadilika, kwa sababu huenda dozi haitoshi tena, au kuna homa, pombe, ukosefu wa usingizi au dawa nyingine iliyoingilia. Nenda na mkeo kote kuwili. Yeye ndiye anayeweza kueleza mkono ulikaa vipi ulipokaza na ulichukua muda gani kuzinduka, na kikikushika tena, baada ya kukulaza ubavu, akurekodi kwa simu ili daktari aone mwenyewe.