Kompyuta ya zamani inayosahau setapu kila umeme ukikatika: tupeane uzoefu

MwanaGungu:
Wakuu, salaam. Mchana nilikuwa steshenari moja hapa Mwanga, Kigoma, nasubiri kopi, umeme ukakatika na kurudi. Mashine yao ya zamani ilipowaka ikaganda kwenye skrini nyeusi, "CMOS checksum error", inasubiri F1. Dada wa pale akabonyeza bila hata kuangalia kioo, mkono umeshazoea. Barua aliyokuwa anachapa ikatoka na tarehe ya mwaka 2002. Mwenye barua alikuwa anaipeleka kwa mtendaji wa kata, akagoma kuipokea, ikabidi irudiwe.

Nikakumbuka nyumbani. Sisi tuliokulia Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla gridi ya taifa haijafika, tunaijua hiyo shughuli. Ukiwasha Pentium ya mzee, kwanza Delete uingie setapu, yaani mipangilio ya mashine, unaweka saa na tarehe, unaitafutia diski yake, unasevu, ndipo unaanza kazi iliyokuleta. Sasa mashine ile ile nimeifufua. Nimeweka betri mpya, CR2032, na setapu bado haikai. Nikisevu na kutoka kwa F10 inakubali vizuri tu. Nikizima swichi ya ukutani usiku, asubuhi imesahau kila kitu. Waliopita njia hii karibuni.

Kibirizi_Ufukweni:
Umenikumbusha mbali mkuu. Delete, Delete, Delete, na ukichelewa kidogo Windows imeshaanza kufunguka. Nafuatilia.

FundiIsevya:
Mwangaluka! Fundi wa Tabora hapa. Kabla hujanunua kitu kingine, fanya jaribio moja. Ingia setapu, badilisha kitu kidogo, mfano zima ukaguzi wa fulopi, sevu, acha iwake upya bila kuchomoa waya, halafu urudi kuangalia. Ukikuta badiliko lipo, chipu inayotunza setapu inaandika vizuri, tatizo ni kutunza: betri, kishikio cha betri, au njia ya umeme kati ya hapo na chipu. Ukikuta halipo hata kwa kuwasha upya tu, achana na betri. Angalia jampa, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye bodi, ya kufuta CMOS (kumbukumbu ya setapu) imekaa wapi, na hakikisha baada ya F10 unabonyeza Y, maana kuna BIOS, zile programu za kuwashia mashine, ambazo ukibonyeza Enter peke yake umekataa kusevu.

Hiyo kumbukumbu ya CMOS yenyewe ni ndogo mno. Kwenye AT, kompyuta ya IBM ya mwaka 1984, chipu ya saa, MC146818, ilikuwa na baiti 64 tu, 14 za saa na 50 za mambo mengine yote. Umeme inaokula ni kidogo sana, lakini haitaki ukosekane hata kidogo. Ukikosekana, zile baiti zinavurugika, BIOS ikizijumlisha hesabu hailingani na iliyoandikwa, ndiyo hiyo checksum error.

KasingirimaMoja:
Mnazunguka bure. Tatizo ni umeme wetu. Yangu ilikuwa inasahau kila wiki, nikanunua UPS, ile betri ya akiba ya umeme, imeacha. Nunua UPS ulale.

FundiIsevya:
Kaka, UPS imeficha ugonjwa, haijautibu. Mashine za muundo wa ATX, ulioanza mwaka 1995, zinaacha volti 5 za kusubiri ziingie kwenye mazabodi, ile bodi kuu, muda wote waya ukiwa umechomekwa, na saa inakula hapo hapo. Betri inaweza kuwa imekufa miaka mingi na usijue. Siku UPS ikiishiwa chaji, utarudi hapa. Na mwenye mashine ya muundo wa zamani wa AT hana hata hizo volti za kusubiri, yeye betri ikifa amekwisha.

KasingirimaMoja:
Umefichwa au umepona, mimi kazi zinaenda. Mafundi mnataka kila mtu afungue boksi ili mlipwe.

FundiIsevya:
Betri ile haifiki hata robo ya bei ya UPS, na nimemwambia ajaribu mwenyewe. Nani amlipe nani hapo?

BintiSikonge:
Samahanini kuingilia. Nimesoma neno "ameifufua" nikashindwa kukaa kimya, kwa sababu mimi nimeona mashine ya namna hii ikikaribia kuwaliza watu wazima.

Baba mdogo wangu alikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku, huku kwetu Sikonge. Mwaka 1999 chama kilikuwa na kompyuta moja ya 486, ndiyo ilitunza majina ya wakulima, uzito wa mizigo, madaraja, na deni la kila mtu la mbolea na dawa. Jenereta haikuwa ikiwashwa ovyo, kwa hiyo masika nzima mashine ilikaa imefunikwa turubai. Masoko yalipofunguliwa wakaiwasha. Ikahesabu kumbukumbu yake, ikalalamika betri, halafu ikaandika kwamba haina diski. Na kwenye setapu kweli, mstari wa diski ulikuwa hauna kitu.

Wakamleta fundi kutoka mjini. Akaangalia mara moja akasema diski imekufa, inunuliwe nyingine, au ajaribu kuifomati hii, yaani kuifuta yote, aone kama itaamka. Nje wakulima walikuwa wamejaa chini ya mwembe, baadhi walitoka vijiji vya mbali kwa baiskeli tangu usiku. Daftari la mkono lilikuwepo, lakini liliishia msimu wa nyuma. Mwenyekiti akasema basi, fomati. Fundi alishaingiza fulopi yake, anasoma maelekezo kwenye karatasi.

Baba mdogo akaweka mkono juu ya kibodi. Ni mtu mpole sana, sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. Akasema, "Inazunguka. Naisikia inazunguka. Kitu kilichokufa hakizunguki." Akaomba izimwe na boksi lifunguliwe. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimemletea uji, nikapewa tochi nimulike. Diski ilikuwa imefungwa juu chini, lebo haionekani. Ikafunguliwa skrubu, ikageuzwa, akapangusa vumbi kwa kidole chenye mate. Ilikuwa Western Digital, Caviar 2420, na pale kwenye lebo vimechapwa vipimo vyake: silinda 989, vichwa 15, sekta 56. Nilizisoma kwa sauti mimi, yeye akaziandika kwenye kiganja.

Wakairudisha, wakaingia setapu, wakachagua aina ya 47, ile ambayo unajaza mwenyewe. 989. 15. 56. Jenereta ikakohoa kidogo hapo, nikaona baba mdogo amefumba macho. Ikawaka upya. C, herufi ya diski, ikatokea, na jina la mkulima wa kwanza kwenye orodha likawa lile lile la siku zote.

Walilipwa msimu ule kwa hesabu sahihi. Baba mdogo alinunua karatasi ngumu, akaziandika zile namba tatu kwa maki peni, akazibandika ndani ya mfuniko wa boksi. Hakuna aliyeitoa.

Kibirizi_Ufukweni:
Dada nimesoma nimesimama. "Kitu kilichokufa hakizunguki."

Cheyo_B:
Huyu mzee apewe heshima yake. Bado yupo?

BintiSikonge:
Yupo, amestaafu, anafuga nyuki. Mashine ipo stoo kwake.

MpakaKigoma:
Simulizi nzuri ila kuna kitu hakijakaa sawa. 486 zina sehemu ya kutafuta diski yenyewe kwenye setapu. Kwa nini wahangaike na lebo?

FundiIsevya:
Si zote mkuu. BIOS nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazina hiyo. Zina orodha ya aina za diski, 1 hadi 46, na 47 ni ya kujaza. Aina ya 2 kwenye ile orodha ya IBM, kwa mfano, ni silinda 615 na vichwa 4, diski ya megabaiti 20. Ukiwa na diski isiyomo kwenye orodha, lebo ndiyo mwokozi wako. Na huyo fundi mwenzangu nisimtetee. Kumfomatia mtu diski kabla ya kuangalia mstari wa setapu ni kosa kubwa, basi.

MpakaKigoma:
Sawa, nimekuelewa. Lakini angeingiza namba zisizo sahihi je?

FundiIsevya:
Kusoma tu kwa kawaida hakuharibu, itagoma kuwaka. Hatari ni kuandika. Ndiyo maana namba zikikutia shaka, usiguse faili lolote mpaka uone majina ya folda yanasomeka vizuri.

Ipuli_Mtaa_wa_Pili:
Turudi kwenye betri jamani. Mimi nina 386, betri yake si ya kitufe, ni ile ya pipa, ya bluu, imelehemewa kwenye mazabodi. Imeota ukungu wa kijani na imetambaa mpaka karibu na tundu la kibodi. Nimesikia naikata tu nalehemu CR2032 mahali pake. Kweli?

Cheyo_B:
Kweli, mimi nilifanya hivyo, inafanya kazi mpaka leo.

FundiIsevya:
Hapana! Cheyo, una bahati. Ile ya pipa ni nikeli-kadimiamu ya volti 3.6 na inachajiwa na mazabodi kila mashine ikiwaka. CR2032 haitakiwi kuchajiwa, inavimba, inaweza hata kupasuka. Ukitaka kuiweka, lazima uweke daiodi inayozuia umeme usirudi kwenye betri. Au tafuta pini 4 za betri ya nje, bodi nyingi za wakati ule zinazo, na jampa yake ya kuchagua ndani au nje.

Cheyo_B:
Nimeelewa. Lakini mbona haijavimba?

FundiIsevya:
Pima kama inapata umeme wa kuchaji. Kama bodi yako ina daiodi tayari, sawa. Kama haina, itoe leo.

MamaSteshenari_Ujiji:
Na huo ukungu wa kijani usiuache hata siku moja zaidi. Unakula nyaya za shaba zilizomo kwenye bodi, ukisubiri utakuta kibodi haisomi. Kata betri kwanza. Ule uchafu ni alkali, kwa hiyo paka siki kidogo kwa mswaki wa zamani, itatoa povu, suuza, malizia na spiriti, kausha kabisa. Mimi nimeokoa mbili kwa njia hiyo na zote bado zinachapa.

Kibirizi_Ufukweni:
Mimi dawa yangu ni moja: setapu nzima nimeiandika kwa maki peni ubavuni mwa boksi. Hata mtoto wa darasa la nne anairudisha.

KasingirimaMoja:
Siku hizi piga picha kwa simu, kila ukurasa wa setapu. Hapo hata fundi atakubali.

FundiIsevya:
Hapo nakubali kabisa, kaka.

Ng'ambo_Tabora:
Yangu haina betri yoyote. Nimegeuza bodi yote. Kuna kidude cheusi kinene kimeandikwa DALLAS na kimechorwa saa ya kengele.

MamaSteshenari_Ujiji:
Hicho ndicho betri, ndugu yangu. Saa na betri vimefungwa humo pamoja. DS1287 au DS12887, vilitengenezwa vikae miaka kama 10, chako kimeshapita. Ununue kipya, na uwe macho, vingi vinavyouzwa kama vipya vimetolewa kwenye bodi nzee. Au umpe mtu mwenye mkono mtulivu akwangue ubavu wa kile kidude, akate njia ya betri ya ndani, aunganishe kishikio cha CR2032 nje.

MwanaGungu:
Wakuu, nimefanya jaribio la fundi. Badiliko linakaa nikiwasha upya, linapotea nikichomoa waya. Nikaazima maltimita. Betri mkononi inasoma volti 3.1. Nikapima kwenye miguu ya kishikio betri ikiwa ndani, sifuri. Kile kibati cha chini, cha upande hasi, kimelala bapa na kina kutu, hakigusi betri kabisa. Nikiikandamiza betri kwa kidole, volti zinapanda. Nikikiinua kwa bisibisi ndogo kinarudi kulala.

FundiIsevya:
Umeipata. Kisugue kwa mswaki na spiriti, kiinue taratibu, kisipokaa badilisha kishikio chote. Utakipata kwenye bodi yoyote iliyokufa, linganisha tu umbali wa miguu. Chanya juu. Chomoa waya ukutani kabla ya kulehemu, usimsikilize anayekwambia uache umeme ili setapu isipotee, skrubu ikidondoka kwenye bodi yenye umeme utajuta.

KasingirimaMoja:
Mimi hubadilisha betri umeme ukiwepo na setapu haipotei.

FundiIsevya:
Betri tu, sawa, kwa hatari yako. Lehemu, hapana.

MwanaGungu:
Nimepata kishikio kwa mama wa Ujiji, ahsante sana mama, shikamoo. Jioni nalehemu. Diski yangu ni ya gigabaiti 4, kuna cha kuangalia?

MamaSteshenari_Ujiji:
Marahaba mwanangu. Kipo. BIOS ikijirudisha yenyewe, nyingine huchagua Normal badala ya LBA, ile namna ya kusoma diski kubwa, na diski iliyozidi megabaiti 528 haitasomeka sawa hapo. Ingia setapu, weka LBA kama ilivyokuwa mwanzo, sevu kwa Y, ndipo uiache iwake.