Mrejesho: kupunguza kilo bila nyama wala samaki

Asalaam aleikum wapendwa, mie ndo yule wa Lamu niliyeuliza mbona nimeacha nyama na samaki miezi miwili na mzani umekwama palepale kilo 86. Mkaniuliza nakula nini. Asubuhi mahamri manne na mbaazi za nazi, mchana wali wa nazi, usiku viazi vya karai, yani nyama hamna lakini wanga, tui na mafuta vimejaa sahani.

Sasa mbaazi na pojo bado nala kila siku maana ndo protini yangu, ila nazipika kwa nyanya, kitunguu na bizari, tui zito natia vijiko viwili tu mwishomwisho likachemka kidogo, na wallahi harufu yake bado inafika barazani. Wali nusu bakuli, mchicha tele, nakamulia ndimu juu kwa sababu vitamini C yasaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na chai nimeisogeza lisaa lizima mbali na chakula maana inayazuia. Aliyenitajia vitamini B12 Mungu amzidishie, kwenye mboga haimo kabisa, kwa hivyo nala mayai na mtindi.

Na jioni natembea toka Langoni hadi Shela, kama kilomita 3. Wiki ya kumi leo tangu nibadili mapishi, niko kilo 81. Mamangu bado haamini mtu aweza kushiba bila samaki, lakini jana kaniambia nimpakulie pojo.