Choa na majipu kwenye mikeka ya mieleka: mchezaji akae nje kwa muda gani?

Mwalimu wa Mikeka

Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha mieleka na judo katika klabu ambayo vijana na watu wazima hutumia mikeka ileile kwa zamu. Majuma haya ya karibuni wachezaji kadhaa wametokewa na alama za duara shingoni na vigashani, mahali hasa ambapo mpinzani hukaba na kushika. Ukingo wa alama umeinuka, una magamba na unawasha, ilhali katikati ngozi inaonekana karibu ya kawaida, kwa hiyo nadhani ni choa. Kinachonisumbua ni kwamba mmoja wao alipaka krimu aliyopewa na rafiki yake, muwasho ukatulia, kisha alama ikatanuka hadi kifuani na kupoteza umbo lake la duara. Mwingine ana uvimbe mwekundu pajani, una joto na unamuuma sana, naye anashikilia kwamba aling'atwa na buibui.

Mashindano yanakaribia, na baadhi yao wameanza kufunga bandeji ili wasiulizwe. Naomba mwenye ujuzi anieleze mchezaji mwenye choa akae nje kwa muda gani, kama kufunika kunatosha, na kama ni lazima nifunge ukumbi au kusafisha mikeka kunatosha.

Muuguzi wa Michezo

Mwalimu, naomba nianze na huyo wa pajani, kwa sababu choa kinaweza kusubiri hadi kesho lakini yeye hapaswi kusubiri. Uvimbe mwekundu wenye joto na maumivu, kwa mtu anayegusana ngozi kwa ngozi na wenzake kila siku, uchukuliwe kuwa ni maambukizi ya bakteria mpaka daktari aseme vinginevyo. Stafilokoka, ikiwamo ile aina sugu inayoitwa MRSA ambayo haisikii antibiotiki nyingi za kawaida, mara nyingi huanza namna hiyo, na wagonjwa wengi humsingizia buibui ambaye hakuna aliyemwona. Asilikamue jipu hilo wala kulitoboa, maana kukamua kunaweza kusukuma maambukizi ndani zaidi na kuupaka usaha kwenye mikono na taulo. Usaha ukiwa umekusanyika, daktari atalipasua katika mazingira safi, na anaweza kuchukua sampuli ili ijulikane dawa ipi inafaa. Akipata homa, wekundu ukisambaa kwa kasi, au mstari mwekundu ukipanda kuelekea kinena, aende hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Wala mtu asidhani kwamba haya huwapata wasiojitunza tu. Mwaka 2003 timu ya St. Louis Rams ya mpira wa Kimarekani, yenye wahudumu wake wa afya, ilikuwa na wachezaji 5 kati ya 58 walioambukizwa MRSA, na majipu yaliota palepale ngozi ilipochubuliwa na nyasi bandia. Uchunguzi ulikuta, pamoja na mengine, kwamba wachezaji walikuwa wakitumia taulo moja watu kadhaa.

Sasa kuhusu yule wa krimu. Maelezo yako yananifanya nishuku kwamba krimu hiyo ina steroidi, ama peke yake ama ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho, mgonjwa akaona nafuu, kumbe imeidhoofisha kinga ya ngozi mahali hapo na fangasi wanaendelea kusambaa chini kwa chini. Ukingo hufifia, duara hupotea, na hata daktari anaweza kupata shida kuutambua ugonjwa kwa macho, ndiyo maana ni vyema aende na tyubu yenyewe mkononi. Daktari anaweza kukwangua magamba kidogo ukingoni mwa alama na kuyatazama kwa hadubini. Mwambie pia asipake chochote kingine kabla ya hapo.

Kwa choa cha kawaida cha mwilini, dawa za kupaka kama terbinafini au klotrimazoli hufanya kazi vizuri, lakini zipakwe hadi sentimita mbili hivi nje ya ukingo, na mgonjwa asiache siku anapoona ngozi imepona. Kwa klotrimazoli tarajieni majuma mawili hadi manne. Alama zikiwa nyingi, au zikikataa kupona, daktari ataamua kama vidonge vinahitajika, na siku hizi wapo fangasi wasiosikia terbinafini, hivyo kukawia kupona ni sababu ya kurudi hospitali.

Muda wa kukaa nje ndilo swali ambalo makocha hulijibu kwa kukisia, ilhali kanuni zipo. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinataka mwanamieleka mwenye choa cha mwilini awe ametumia dawa kwa angalau saa 72 kabla ya kupanda mkekani. Mwenye maambukizi ya bakteria anatakiwa asiwe na kidonda kipya kwa saa 48, awe amemaliza saa 72 za antibiotiki, na asiwe na kidonda chenye majimaji wala usaha. Kidonda kinachotoa usaha hakiruhusiwi kufunikwa ili mchezaji apite. Bandeji hulowa jasho na kubanduka katika dakika chache za kukabana, na hapo kidonda kiko wazi juu ya mkeka. Nami naziona saa 72 za choa kuwa ni kiwango cha chini kabisa: kwa mazoezi ya kawaida, yasiyo na medali, ningemweka mchezaji nje hadi alama ianze kufifia na kukauka.

Mkongwe wa Judo

Naongezea kuhusu mikeka, kwa kuwa Muuguzi amemaliza upande wa ngozi. Kufunga ukumbi siku chache kunasaidia ikiwa siku hizo zitatumika kukagua watu na kuwaanzishia dawa. Ukifunga kisha wakarudi na alama zilezile, hujafanya kitu, kwa sababu njia kuu ya maambukizi ni mwili wa mtu.

Hata hivyo mikeka isafishwe kila siku ya mazoezi, na namna ya kusafisha ina uzito. Watu wengi humwaga dawa juu ya vumbi, nywele na jasho lililokauka, na dawa ya kuua vijidudu hupungua nguvu ikikutana na uchafu. Fagieni kwanza, sugueni kwa sabuni na maji, ndipo mpake dawa na kuiacha ikae mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa dawa nyingi hufika dakika 10. Anayepaka na kukausha papo hapo amepoteza dawa yake. Mkitumia klorini ya nyumbani, sehemu moja kwa sehemu 100 za maji inatosha kwa mkeka uliokwisha kuoshwa, ichanganywe siku hiyohiyo, na kamwe isikutanishwe na amonia wala siki kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Kitambaa cha kupigia deki nacho kifuliwe na kuanikwa, la sivyo kesho kitawarudishia uchafu wa leo.

Chunguza maungio ya mikeka na mahali palipochanika, Mwalimu. Ukibonyeza mchaniko kwa kidole baada ya mazoezi, utaona jasho la watu likichuruzika kutoka kwenye sponji, na hakuna deki inayofika humo. Mkeka wa namna hiyo uzibwe kwa utepe imara au uondolewe. Kuhusu miguu, atakayetoka kwenda msalani avae ndala, na viatu vya nje visikanyage mkeka hata kwa hatua moja.

Mama wa Mwanamieleka

Ninawashukuru kwa maelezo haya. Mwanangu anafanya mazoezi katika klabu nyingine, na wenzake humwambia asugue choa kwa klorini au siki ili apone haraka. Aidha ana mabaka kichwani yenye magamba, nywele zikikatika, nami nimekuwa nikimpaka krimu ileile ya mwilini bila mafanikio. Je, kunyoa nywele kutasaidia?

Muuguzi wa Michezo

Dada yangu, klorini isiguse ngozi yake. Huunguza, na ngozi iliyoungua ni mlango mpya wa bakteria, kwa hiyo mtoto ataingia mazoezini na choa pamoja na kidonda. Siki nayo huweza kuchoma ngozi.

Ya kichwani ni mapunye, kwa jinsi unavyoyaeleza, na krimu haiwezi kuyaponya kwa sababu fangasi wamejikita ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Anahitaji vidonge, kama vile griseofulvini au terbinafini, kwa majuma kadhaa na kwa usimamizi wa daktari. Kunyoa peke yake hakuponyi, na wembe au mashine ya kinyozi ikitumika kwa wengine inaweza kuwapelekea fangasi. Shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi hupunguza mbegu za fangasi anazotawanya, ila haichukui nafasi ya vidonge. Kwa mapunye, kanuni ya NCAA ni siku 14 za dawa ya kumeza kabla ya kurudi mkekani. Kagua pia ndugu zake wanaolala naye, kwani fangasi hawa wanaweza kukaa kichwani mwa mtu asiye na dalili yoyote.

Mwalimu wa Mikeka

Nimeelewa, nanyi mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Wa pajani amekwenda kwa daktari na jipu limepasuliwa. Nabakiwa na moja: kijana mmoja leo ana vipele vidogo vyenye maji, vimekusanyika shavuni karibu na jicho, na anasema palianza kuchonyota kabla havijatokea. Vinafanana na choa kinachoanza?

Muuguzi wa Michezo

Havifanani, Mwalimu, na aonwe na daktari leo, si kesho. Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yakitanguliwa na kuchonyota au kuwaka, huashiria kirusi cha hepesi, kilekile kinachosababisha vidonda vya mdomoni. Karibu na jicho kinaweza kudhuru jicho lenyewe na uwezo wa kuona. Dawa za virusi hufaa zaidi zikianza mapema, ilhali krimu ya fangasi na antibiotiki havikigusi kirusi hiki.

Kasi yake mkekani ni kubwa. Katika kambi ya mieleka ya wanafunzi wa sekondari huko Minnesota, Marekani, mwaka 1989, vijana 60 kati ya 175 waliambukizwa katika kambi ya majuma manne, wengi wao kichwani na usoni, kwa kuwa mieleka huwakutanisha shavu kwa shavu. Waulize wote waliokabana naye siku chache zilizopita, uwatazame kila jioni kwa juma moja na zaidi, na atakayehisi kuchonyota asingoje malengelenge yatokee ndipo aseme. Huyo kijana atarudi baada ya kukaa saa 72 bila lengelenge jipya, kumaliza angalau saa 120 za dawa, na vigaga vyote kukauka. Kwa kuwa kirusi hubaki mwilini na kinaweza kuibuka tena, daktari aulizwe mapema kama atahitaji dawa ya kuzuia wakati wa msimu wa mashindano.

Ukaguzi wa ngozi ufanywe mlangoni kabla ya kila zoezi, kwenye mwanga wa kutosha, ukitazama nyuma ya masikio, shingoni, kwapani na nyuma ya magoti. Anayeonyesha alama mwenyewe asikaripiwe mbele ya wenzake. Mpe kazi ya kufanya siku hizo, kama kukimbia au kuhesabu pointi za wengine, ili asione kusema kweli kumemnyima timu.