Uzamivu wa akili mnemba kwa wenye ulemavu wa usemi: nikague nini kabla ya kusaini?

Kutoka Leipzig

Hamjambo wote, na wakubwa shikamooni. Nimeletewa mkataba wa uzamivu wa miaka 3, daraja la mshahara la TV-L E13 (ngazi ya watumishi wa vyuo vya Ujerumani), asilimia 75 ya saa za kazi. Mada ni kuifundisha simu itambue Kiswahili cha watu ambao usemi wao umeathiriwa na kiharusi au mtindio wa ubongo. Sauti zitakusanywa Tanga na Mombasa. Nikague nini kabla ya kusaini?

Kutoka Nijmegen

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kabla ya mshahara na kompyuta, muulize msimamizi: kibali cha maadili kimeshatoka, na kimetoka kwa jina la nani? Katika fani hii modeli, yaani programu inayojifunza kutambua usemi, hufunzwa kwa siku chache. Vibali ndivyo vinavyokula mwaka. Ukijibiwa "tutaomba ukifika", ujue mwaka wako wa kwanza umeshapangiwa kazi.

Ifuate njia yenyewe uone. Ujerumani kuna kamati ya maadili ya chuo na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Huyu wa pili atadai tathmini ya athari, maana kwa GDPR, sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi, taarifa za afya ni za kundi maalumu (kifungu cha 9), na sheria hiyo inakibana chuo cha Ulaya hata kama aliyerekodiwa yuko Tanga. Tanzania kuna kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), kibali cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na taasisi mshirika ya hapo nchini. Kenya unaanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, ndipo uende NACOSTI, tume inayotoa leseni za utafiti, kwa hiyo huwezi kupeleka vyote siku moja. Juu ya hayo kila nchi ina sheria yake ya taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, na kuzitoa sauti nje ya nchi kuna masharti yake. Omba Mombasa iwe awamu ya pili, na iandikwe hivyo kwenye mpango wa kazi.

Fomu ya ridhaa ndiyo inayoharibu miradi mingi kimyakimya. Ikisema "kwa utafiti huu tu", sauti hizo hazitatumiwa na mwanafunzi atakayekufuata wala kutolewa kwa watafiti wengine, na kuwatafuta upya wote waliorekodiwa ni kazi isiyokamilika. Tenganisha maswali, kila moja na kisanduku chake cha ndiyo au hapana: kuhifadhi sauti, kuipeleka nje, kufundishia modeli, kuwagawia watafiti wengine. Usiahidi kwamba hawatajulikana. Ukifuta jina, sauti yenyewe bado inamtambulisha mtu kwa jirani zake. Weka pia tarehe ya mwisho ya mtu kujitoa, kwa kuwa modeli ikishafunzwa sauti yake haichomoki.

Na tafadhali, mlezi asisaini kwa niaba ya mtu mzima kwa sababu tu haongei vizuri. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuelewa kila neno. Soma fomu kwa sauti, tumia picha, kubali kidole gumba mbele ya shahidi.

Kutoka Sheffield

Naongeza upande wa kazi yenyewe. Wakati unasubiri vibali, jenga mfumo wako kwa TORGO, rekodi za Kiingereza kutoka Toronto zenye wasemaji 8 wenye ulemavu wa usemi, halafu zoeza modeli Kiswahili kwa Common Voice, hazina huria ya sauti zilizochangwa na watu. Vibali vikitoka, programu iko tayari.

Gawa data kwa msemaji, si kwa sentensi. Msemaji mmoja akiwa kwenye mafunzo na kwenye jaribio, modeli inakuwa imeshamzoea, matokeo yanapendeza, na akija mtu mpya haielewi kitu. Mhakiki makini analiona hilo mara moja.

Kosa la pili ni la lugha yetu. Kipimo cha makosa kwa neno kinakiadhibu Kiswahili: modeli ikisikia "hatanipikia" badala ya "hawatanipikia", silabi moja imepotea lakini neno zima limehesabiwa kosa. Toa na makosa kwa herufi, vyote viwili kwenye jedwali moja.

Kurekodi: kHz 16, chaneli moja, faili za WAV, kwa simu ya aina ile ile watakayotumia nyumbani. Zima feni. Vipindi vifupi vyenye mapumziko, kwani mtu akichoka usemi hubadilika, na utakuwa unapima uchovu. Asiyesoma usimtajie sentensi airudie, atafuata mwendo wako, muoneshe picha. Na ongeza muda wa kungoja kabla programu haijakata sauti: msemaji akitua katikati ya neno, mipangilio ya kawaida hudhani amemaliza.

Kutoka Leipzig

Ahsanteni sana. Je, naweza kugeuza sauti kuwa maandishi kwa huduma za mtandaoni ili kuokoa muda?

Kutoka Sheffield

Hapana. Ukipandisha sauti huko umeshawapa watu wa nje taarifa za afya. Whisper, modeli huria ya kugeuza usemi kuwa maandishi, inapakuliwa na kuendeshwa kwenye seva ya chuo. Ila ikague: panapokuwa kimya kirefu huweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na wasemaji wako watakuwa na kimya kirefu.

Kutoka München

Dada, kuhusu mkataba. Sheria ya ajira za muda za vyuo vya Ujerumani inakupa miaka 6 kabla ya kupata shahada ya uzamivu na 6 baada yake. Ajira yoyote inayozidi robo ya saa za kazi inahesabiwa yote, kwa hiyo asilimia 75 inakula muda sawa na 100. Uliza kama fedha za kuongeza mwaka wa nne zipo, na upate jibu kwa barua pepe. Uliza pia ni kitivo gani kitakachokutunuku shahada. Wa kompyuta huthamini makongamano kama ASSETS (teknolojia kwa wenye ulemavu) na Interspeech (teknolojia ya usemi), wa tiba hutaka majarida. Kama tasnifu ni ya mkusanyo wa makala badala ya kitabu kimoja, pata kanuni za kitivo zinazotaja idadi ya makala hizo na ngapi uwe mwandishi wa kwanza. Na kibali cha ukaazi omba kuongezewa kabla hakijaisha. Ombi likiingia kwa wakati, cha zamani kinaendelea kutambuliwa hadi ujibiwe.