Tupeane uzoefu: nanaa na tumbo la gesi, kwako imefaa au imekataa?

MzeeWaMajengo: Salaam wadau. Harusi zimefuatana, biriani kwa biriani, na mie tumbo likishajaa hunguruma hadi jirani asikia. Mke wangu hunitilia nanaa kwenye chai ya rangi, napiga mbweu mbili tatu, nafuu yaja. Nyinyi je? Leteni yenu.

BintiKisauni: Kwangu yafaa sana, ila si yale majani makavu ya pakiti. Nachukua fungu la nanaa Marikiti, naliosha, nayafikicha majani kwa mkono, namwagia maji yachemkayo kisha nafunika kikombe kwa kisahani. Usipofunika, harufu yote yapaa na mvuke, wabaki na maji ya kijani tu.

FundiChangamwe: Mie yanikataa kabisa. Nina kiungulia cha zamani. Nikinywa nanaa baada ya futari, moto wapanda mpaka kooni. Nyumbani wakasema ni viazi karai na ukwaju. Nikaacha viazi, nanaa nikaendelea nayo. Moto ule ule!

DadaWaDawa (niko duka la dawa, Bamburi): Kaka Fundi ana haki. Menthol, ile iletayo ubaridi mdomoni, iliyo kwenye peremende (mmea wa jamii ya nanaa, si pipi) hulegeza misuli ya utumbo. Utumbo uliokazana ukilegea, gesi yapita na msokoto watulia. Lakini haichagui pa kulegeza: ile misuli inayofunga kati ya umio na tumbo nayo huachia, asidi ikapanda. Ndiyo maana mafuta ya peremende ya dawa hutiwa kwenye vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni, yafunguke mbele huko kwenye utumbo. Wenye IBS, yaani tumbo la kusokota na choo kisichotabirika, ndio hupewa. Madaktari wa tumbo wa Marekani waliyataja kwenye mwongozo wao wa 2021.

Tena nanaa ya chai tunayoitumia sana si peremende yenyewe. Ni ndugu tu. Mafuta ya peremende, karibu asilimia 40 huwa ni menthol. Ya nanaa ya chai ni kidogo mno. Kikombe kitakupoza, lakini usikitarajie kufanya kazi ya kidonge.

MamaPacha: Dada, wanangu wachanga wasumbuliwa na chango usiku. Nikiwapaka hayo mafuta kifuani na puani?

DadaWaDawa: La, mamangu, usithubutu! Menthol karibu na pua ya mtoto mchanga yaweza kumbana pumzi. Wapeleke kliniki watazamwe.

KijanaLikoni: Mie ni peremende za kumumunya tu, matatu ya Malindi ikianza kuyumba. Kichefuchefu chapungua, au labda ni kule kushughulisha mdomo, sijui.

BiKhamsini: Ngojeni niwape la mjomba wangu. Alikuwa akila chochote cha mafuta, maumivu yamshika upande wa kulia chini ya mbavu, yapanda hadi begani. Nanaa asubuhi, nanaa jioni, birika halitoki jikoni. Siku moja akatapika usiku kucha, tukambeba hospitali. Kupigwa picha, nyongo ina mawe. Daktari akamwambia hayo si ya majani. Basi mwenye maumivu ya namna hiyo, au anayeona damu chooni, au anayekonda bila sababu, asijitibu kwa birika. Ende akapimwe.